Fundi wa Viatu Aliyekwenda Bengal

Kuna fundisho limeenea makanisani kwamba anayeshika maikrofoni anamtumikia Mungu, na anayeshika spana anatafuta unga tu. Vijana wetu wanaacha kazi kwa sababu yake. Leo tumwangalie William Carey. Tunapenda kumtaja kwenye mikutano ya umisheni, ila tunairuka miaka yake ya nyundo na ngozi.

Carey alizaliwa mwaka 1761 katika kijiji cha Paulerspury, Uingereza, mtoto wa mfumaji. Akiwa kijana aliwekwa kwa fundi wa viatu ajifunze kazi. Humo karakanani alikuta kitabu cha ufafanuzi wa Agano Jipya chenye maneno ya Kigiriki, na kiu ya lugha ikaanzia hapo. Hata alipokuwa mchungaji wa kanisa dogo la Kibaptisti huko Moulton, posho haikutosha, kwa hiyo alishona viatu na kufundisha watoto. Ukutani alibandika ramani kubwa ya dunia aliyoitengeneza mwenyewe, akaandika juu yake habari za mataifa. Mzigo wa mataifa ulimkuta kwenye kigoda cha fundi. Na kumbuka, Wakolosai 3:23 Paulo aliwaandikia watumwa, si maaskofu.

Mwaka 1793 alifika Bengal, India. Fedha ziliisha upesi, familia ikataabika. Mwaka uliofuata akapata kazi ya kusimamia kiwanda cha nili huko Mudnabati, akawaandikia waliomtuma kwamba hatahitaji tena msaada wao. Wao wakaingiwa na hofu kwamba biashara itammeza, wakamwonya kwa barua. Maneno hayo yalimuuma. (Si ndivyo tunavyomsema mchungaji mwenye duka? Paulo naye alishona mahema Korintho, Matendo 18:3, na hakuna anayemwita nusu mtume.)

Sitaficha upande mwingine. Huko Mudnabati mtoto wao Peter alifariki, na mkewe Dorothy akaugua akili, asipone mpaka alipokufa mwaka 1807. Kazi ya Carey ilikuwa na gharama, na si yeye peke yake aliyeilipa. Ndugu mwenye bidii, soma hapo mara mbili, kisha umwangalie mkeo.

Mwaka 1800 alihamia Serampore, akafanya kazi pamoja na Joshua Marshman, mwalimu, na William Ward, mpiga chapa. Herufi za Kibengali zilichongwa na Panchanan Karmakar, mtu wa ukoo wa wahunzi. Agano Jipya la Kibengali likatoka 1801. Na Mhindi wa kwanza waliyembatiza, Krishna Pal, baada ya miaka saba ya kungoja? Seremala.

Machi 1812 moto uliteketeza nyumba ya uchapaji pamoja na miswada ambayo Carey aliitolea jasho kwa miaka mingi. Mashine za kupigia chapa ziliokoka. Wakafukua majivu, wakatoa madini yaliyoyeyuka, wakayasubu upya kuwa herufi, na baada ya wiki chache uchapaji ukaanza tena. Carey, mwenye umri wa miaka 50, akaketi kutafsiri mara ya pili kurasa alizokuwa amekwisha kuzimaliza.