Wapagazi wa Jana, Mafundi wa Kompyuta wa Leo

Vijana wanaomaliza sekondari hapa Uvira hutuuliza mara nyingi swali moja: "Mwalimu, nikisoma kompyuta nitapata kazi?" Wamesikia kwamba mtu aweza kukaa kwao, akafanya kazi ya tajiri aliye Marekani au Ulaya, akalipwa kwa simu. Tena wamesikia kwamba kazi za namna hiyo zilifika Nairobi, kisha nyingine zikaondoka. Wazazi nao wana hofu. Karo ni nzito, na hakuna apendaye kuuza shamba kwa ajili ya kazi itakayohama kabla mtoto hajamaliza masomo.

Swali hili si geni katika pwani yetu ya ziwa. Kazi zitokazo mbali tumezijua tangu zamani. Basi tutazame kwanza jinsi zilivyokuja na jinsi zilivyokwenda, ndipo tujaribu kujibu.

Mwezi wa nne mwaka 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi toka Ujiji. Walitafuta habari za mto Ruzizi, kama watoka ziwani au waingia. Na hapa waliambiwa ya kuwa waingia. Lakini hawakuwa wageni wa kwanza. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili walikwisha kutangulia, na Uvira ilikuwa kituo chao cha mwisho upande wa kaskazini. Walinunua pembe za ndovu. Walinunua na watu pia, na uovu huo haufai kufichwa. Pembe zilivushwa mpaka Ujiji, kisha zikabebwa mabegani hata Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu au zaidi.

Kazi hiyo ya kubeba ililisha nyumba nyingi. Wanyamwezi hasa walisifiwa kwa upagazi. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu walipita katika njia ile, wakipata ujira wa nguo, shanga na nyaya za shaba. Mpagazi hodari alikuwa mtu wa heshima kwao. Lakini bei ya pembe hakuipanga yeye, wala hakuipanga tajiri wa Ujiji. Ilitegemea soko la Unguja, na nyuma ya Unguja walikuwako wanunuzi wa Bombay, London na Marekani, ambako pembe zilitengenezwa vibao vya piano. Mpagazi aliujua uzito wa mzigo wake. Thamani yake hakuambiwa.

Kisha ikaja reli. Wadachi walianza kuijenga toka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwezi wa pili mwaka 1914 ilifika Kigoma, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Mzigo uliotaka mamia ya watu na miezi mingi, sasa ulikwenda kwa siku chache. Upagazi wa safari ndefu ukafa. Haukufa kwa sababu wapagazi walikuwa wavivu, wala kwa sababu walikosa adabu. Waliokuwa na mali walipata njia iliyo rahisi zaidi, basi.

Tutazame mfano wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji walianzisha mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari huko Kiliba, katika bonde la Ruzizi. Watu wengi walipata mshahara, na kijiji kikawa kama mji. Vita ilipotuangukia mwaka 1996, kiwanda kilisimama kwa miaka mingi. Aliyejua kukata miwa tu alirudi nyumbani na panga lake. Lakini tulimjua mzee mmoja aliyefanya kazi huko kama fundi wa mitambo. Yeye alichukua ujuzi wake akaenda nao vijijini, akatengeneza vinu vya kusagia mihogo na mashine za maboti. Kiwanda kilifungwa, lakini kazi yake haikufungwa.

Sasa twende kwenye kompyuta. Mwaka 1985 kampuni ya Marekani iitwayo Texas Instruments ilifungua nyumba ya kazi Bangalore, kule India, ikatuma kazi zake kwa njia ya setilaiti. Nyingine nyingi zikafuata. Mafundi wa Marekani walilalamika kwamba kazi yao imechukuliwa. Vijana wa India walishangilia kwamba kazi imefika. Kumbe wote wawili walikuwa katika msafara mmoja, huyu mwanzoni na yule mwishoni.

Kwetu Afrika ya Mashariki mlango ulifunguka mwaka 2009, nyaya kubwa za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam. Nairobi ikapata kazi nyingi: kuchuja picha na maneno mabaya ya Facebook, na kuifundisha mashine yenye akili bandia kutambua jema na baya. Mwezi wa kwanza mwaka 2023 gazeti la Marekani liitwalo TIME lilieleza habari za vijana wa kampuni ya Sama waliosoma maneno ya kutisha ili mashine ya ChatGPT isiyaseme. Mikononi mwao zilifika kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, ambapo mkataba wa kampuni na tajiri uliandika dola 12.50 kwa saa. Mwezi huo huo Sama ilitangaza kwamba inaiacha kazi ya Facebook, na watu zaidi ya 200 wakaambiwa nafasi zao zimekwisha. Mwezi wa tatu mwaka 2024 Remotasks, iliyokuwa ikigawa kazi ndogo ndogo kwa intaneti, iliufungia Kenya mlango. Wengi walipata habari kwa barua ya kompyuta tu.

Je, tuseme basi vijana wasisome kompyuta? Hapana. Kusema hivyo ni kama kumkataza mtu kujifunza njia kwa kuwa msafara umevunjika. Twaona mambo matatu.

Kwanza, usijifunze mzigo mmoja tu. Anayejua kubonyeza kitufe alichoonyeshwa ni kama mkata miwa. Anayejua jinsi programu inavyotungwa, na jinsi mashine inavyotengenezwa, ni kama yule mzee wa Kiliba. Bangalore haikuamka siku moja. Chuo chake kikubwa cha sayansi kilianzishwa mwaka 1909, miaka mingi kabla ya kompyuta. Na mwaka 1981 wahandisi saba Wahindi walianzisha huko Pune kampuni yao wenyewe, Infosys, wakaihamishia Bangalore miaka miwili baadaye. Walifanya kazi za watu wa mbali, lakini nyumba ilikuwa yao.

Pili, wahenga wamesema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka wetu mkuukuu. Msala ni mkeka mzuri wa mtu mwingine, ambao kesho atauchukua. Kazi ya mbali tuipokee, lakini Uvira pia ina kazi. Hospitali zina madaftari ya wagonjwa yanayoliwa na mchwa. Wavuvi wa ndakala hawana hesabu ya mauzo yao. Maduka, shule na bandari ya Kalundu vyahitaji watu wa kuandika na kutunza habari vizuri. Malipo yake ni madogo, lakini haihami kwa barua ya usiku mmoja.

Tatu, wapagazi wa zamani waliwahi kugoma njiani kwa umoja, wakasikilizwa. Kila mmoja peke yake asingalisikilizwa. Tarehe 1 mwezi wa tano mwaka 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao. Hawakuirudisha kazi iliyokwenda, lakini dunia ilijua bei ya mzigo wao.

Tumalizie kwa jambo moja tunalolisahau kwa kuwa liko kinywani mwetu kila siku. Pembe zimekwisha, misafara imekwisha, lakini Kiswahili kilichopita katika njia ile kimebaki hapa Uvira mpaka leo. Na wengi wa wale vijana wa Nairobi waliochuja maneno ya Facebook waliajiriwa kwa sababu walijua lugha ambazo tajiri hakuzijua, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwenye mali alihitaji kitu kilichokuwa chao.

Basi kijana, ukituuliza tena, jibu letu ni hili: soma, lakini usome mpaka siku ile kazi itakapoondoka, wewe ubaki na kitu mkononi.