Cabinda

Cabinda ni mkoa wa Angola usiopakana na mkoa mwingine wowote wa nchi hiyo. Kusini na mashariki umezungukwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini umepakana na Jamhuri ya Kongo, na magharibi ni Bahari ya Atlantiki. Sensa ya 2014 ilihesabu wakazi zaidi ya 700,000. Anayetaka kwenda Luanda kwa barabara hana budi kutoka nchini mwake, akatize ardhi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuvuka Mto Kongo, ndipo aingie tena Angola. Wengi hupanda ndege.

Chanzo cha mkato huo ni tamaa ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Wakati wa Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 alitaka njia ya kufika baharini kwa dola lake la Kongo, akapata ukanda mwembamba penye mlango wa mto. Ukanda huo, wenye miji ya Banana na Muanda, ndio pwani yote ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hadi leo.

Wajumbe wakiwa bado Berlin, tarehe 1 Februari 1885 machifu wa Cabinda walitia saini mkataba na Wareno huko Simulambuco. Walikubali ulinzi wa Ureno, nayo ikaahidi kwamba nchi yao haitagawanywa. Wanaodai uhuru husema wazee wao hawakujiunga na Angola, na dai hilo si la kupuuzwa: katiba ya Ureno ya 1933 iliitaja Cabinda kando na Angola. Lakini katika mapatano ya Alvor ya Januari 1975, Ureno na vyama vitatu vya ukombozi vya Angola viliandika kuwa Cabinda ni sehemu ya Angola isiyotenganishwa. FLEC, chama cha Wacabinda wenyewe, hakikualikwa.

Wakati huo mafuta yalikuwa yamekwisha kugunduliwa chini ya bahari yake. Katika miaka ya 1980 askari wa Kuba, waliokuwa wakiisaidia serikali ya Angola, walilinda mitambo ya kampuni ya Kimarekani huko Malongo, huku Washington ikiwasaidia waasi wa UNITA waliopigana na Wakuba haohao.

Tarehe 8 Januari 2010 basi la timu ya taifa ya Togo, likitokea Jamhuri ya Kongo kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika, lilimiminiwa risasi na wapiganaji wanaodai uhuru wa Cabinda baada tu ya kuvuka mpaka na kuingia mkoani. Kocha msaidizi na msemaji wa timu waliuawa. Kipa Kodjovi Obilalé alijeruhiwa vibaya. Togo ilirudi nyumbani, na mechi za kundi lake zikachezwa na timu tatu zilizobaki.