Sura ya Baba

Jumapili niliyompeleka mchumba wangu nyumbani Mwenge kujitambulisha, bibi alimtazama kwa muda, kisha akanifuata jikoni. "Mjukuu wangu, huyu si baba yako huyu?"

Nilishikwa na aibu. Paji la uso ni lile lile, hata namna ya kuinamisha kichwa anaposikiliza. Tena baba anayemsema bibi si aliyenizaa. Ni baba wa kambo, aliyenilea tangu nina miaka minne. Je, nilikuwa nimechagua mwenyewe, au nimechaguliwa na utoto wangu?

Aibu ya mwanafunzi wa uzamili huishia maktaba. Nikakuta ubishi wa zamani. Mwaka 1891 Edvard Westermarck, msomi wa Finland, aliandika kwamba waliokua pamoja tangu utotoni hawatamaniani. Mwaka 1913 Sigmund Freud, akimfuata James Frazer, akahoji: kama tamaa haipo, mwiko ni wa nini?

Mwaka 2004 Tamás Bereczkei na wenzake wa Hungaria walichunguza wanawake waliolelewa na wazazi wa kuasili. Watu wasiowajua walioneshwa picha, wakaona waume wanafanana na baba walezi kuliko ambavyo bahati ingeruhusu. Mfanano ulizidi kwa waliokumbuka kupendwa na baba hao. Damu haikuhusika. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, lakini swali lilishahama kutoka kwenye damu kwenda kwenye malezi.

Sheria yetu nayo inayajua malezi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiishii kukataza ndoa na mzazi wa damu. Kinamkataza pia aliyekuasili. Na utani wa majumbani ulitangulia vitabu vyote hivi. Bibi humwita mdogo wangu, aliyerithi jina la babu, "mume wangu", na nyumba nzima hucheka. Makabila mengi nchini yana utani huo: mfanano unasemwa waziwazi, mwiko unabaki salama.

Niliporudi Mwenge nilimweleza bibi kwa fahari kwamba mchumba wangu na baba hawana hata tone la damu moja.

Aliendelea kuchambua mchele. "Nani kataja damu? Mimi nimesema baba yako."