Ayala wa Florida na Ndege wa Michigan

Mwaka 1967, Serikali ya Marekani ilipotoa orodha yake ya kwanza ya viumbe vilivyokaribia kutoweka, humo waliandikwa pamoja ayala wa visiwa vya Florida, asiyezidi kimo cha mbwa mkubwa, na ndege mwimbaji aitwaye kwa jina la tabibu Jared Kirtland wa Ohio, ambaye huzaa katika misonobari ya Michigan. Na ingawa sheria iliwapa himaya moja, dawa ya mmoja ingalikuwa sumu kwa mwenziwe.

Hasimu wa ayala alikuwa binadamu: mbwa walimkurupusha kichakani hata akajitosa baharini, nao wawindaji, waliokwisha kumwotea mashuani, wakampiga marungu angali akiogelea. Jay Darling, mchoraji wa katuni, aliuonyesha ukatili huo mwaka 1934, na mwaka 1939 Florida ikaharimisha kumwinda. Lakini amri haikuwa na askari wa kuisimamia, hata mapema katika miaka ya 1950 ayala hawakufika 50. Ndipo alipoajiriwa mlinzi, Jack Watson, na mwaka 1957 ikawekwa hifadhi. Nao, kwa kuachwa tu, wakazaana wakawa mamia, ijapokuwa magari yangali yakiwaua.

Ndege yule angaliachwa hivyo, naona angalikwisha. Hutaga ardhini, chini ya matawi ya misonobari michanga, na miti ikikua mno huihama. Na tunda la msonobari ule limezibwa kwa ulimbo, ambao aghalabu hauyeyuki ila kwa moto, basi wazima-moto, kwa nia njema kabisa, walikuwa wakimbomolea nyumba. Tena akaja ndege afuataye ng'ombe, akataga mayai viotani mwake ili alelewe makinda. Madume waimbao, waliokuwa 502 mwaka 1961, wakabaki 201 mwaka 1971. Ikabidi kumtega mdoezi huyo, kukata misonobari mizee, na kuchoma misitu kusudi. Moto mmoja wa namna hiyo, karibu na Mack Lake mwaka 1980, uliwaponyoka watu wa misitu, ukaunguza nyumba nyingi na kumwua mmoja wao. Lakini pale palipoungua ndipo ndege walipokuja kusitawi, hata mwaka 2019 wakafutwa katika orodha.

Ayala angalimo. Mwaka 2016 funza walao nyama hai waliwaua zaidi ya mia, na safari hiyo kuachwa hakukufaa: waliokolewa kwa kumwagiwa visiwani mainzi mamilioni, waliofanywa tasa kwa mionzi.