Waliotunga kwa Miguu

Tarehe 1 Januari 1879, mjini Matanzas, kaskazini mwa Kuba, bendi ya Miguel Faílde ilipiga ukumbini "Las Alturas de Simpson", na waandishi wengi wa historia ya muziki wa Kilatini huanzia hapo kuhesabu umri wa mtindo wa danzón. Faílde anastahili heshima hiyo. Lakini ukiutazama kwa karibu muundo wa danzón utaona umefuata mwenendo wa watu waliokuja kucheza. Wimbo hufunguliwa kwa kipande kifupi kiitwacho paseo, na kipande hicho hurudi kila sehemu mpya inapokaribia. Paseo ikipigwa, hakuna anayecheza. Wenzi husimama au huzunguka ukumbi polepole, wanawake wakijipepea, wanaume wakifuta jasho, wakiamkiana na jamaa na kuulizana habari, mpaka sehemu ya kucheza iingie tena. Kuba ni nchi ya joto, nguo za sherehe za enzi zile zilikuwa nzito, na danzón, tofauti na dansi za makundi zilizoitangulia, iliwataka mwanamume na mwanamke wacheze wameshikana muda wote. Haja ya kupumua ikaingizwa ndani ya wimbo wenyewe. Naanzia hapo kwa sababu naamini muziki wa Kilatini wa sherehe, kuanzia danzón hadi salsa na kumbia, umetungwa kwa kiasi kikubwa na wacheza dansi. Mitindo mingi iliyodumu ilizaliwa pale wapigaji walipokubali kuurekebisha wimbo kwa ajili ya miguu iliyokuwa mbele yao.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye son. Muziki huu ulitoka mikoa ya mashariki ya Kuba ukaingia Havana mwanzoni mwa karne ya 20, ukiletwa na wanajeshi waliohamishwa vituo na watu waliokwenda mjini kutafuta kazi. Kwanza mwimbaji anatoa mashairi yake kwa utulivu, kisha inaingia montuno: kiitikio kifupi kinachorudiwa na wenzake, naye anajaza nafasi iliyobaki kwa maneno anayoyatunga papo hapo. Montuno haina urefu maalumu. Kiongozi wa bendi hutazama watu. Wakiwa wamekolea anaendelea, wakianza kurudi vitini anafunga. Nguvu ya sehemu hiyo ilionekana mapema. Mwaka 1910 José Urfé alitoa danzón iitwayo "El bombín de Barreto" na kuimalizia kwa sehemu iliyoigiza son, na watunzi wengine wakafuata njia hiyo hiyo, maana danzón isiyo na mwisho wa kuchangamka ilianza kuonekana baridi. Wakubwa wa Havana hawakuipenda son mwanzoni. Waliiona ni kelele za watu weusi wa mitaa ya chini, na polisi waliwahi kunyang'anya ngoma na kuvunja dansi. Lakini kufikia miaka ya 1920 vikundi kama Sexteto Habanero, na kuanzia 1927 Septeto Nacional ya Ignacio Piñeiro, vilikuwa vinarekodi na kualikwa kwenye kumbi zilezile zilizowafungia milango. Hapa inafaa kutahadhari kidogo na santuri. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba takriban dakika tatu tu, kwa hiyo montuno tunayoisikia leo kwenye rekodi za zamani ni kionjo. Anayeihukumu son kwa santuri peke yake atadhani mashairi ndiyo kiini na kiitikio ni kiambatisho. Ukumbini mambo yalikuwa kinyume.

Aliyeielewa siri hiyo kuliko wote ni Arsenio Rodríguez, mpigaji wa tres, gitaa dogo la Kikuba lenye nyuzi za jozi. Alikuwa kipofu tangu utotoni, na alitoka katika ukoo wa watu wa Kongo waliopelekwa Kuba utumwani. Mnamo mwaka 1940 aliikuza bendi ya son kwa kuongeza piano, tarumbeta zaidi ya moja na ngoma ndefu ya tumbadora, ambayo bendi za kumbi za heshima zilikuwa zinaikwepa. Akaipanua montuno, na karibu na mwisho akaweka sehemu ambapo tarumbeta zinasukumana kwa sentensi fupi zinazorudiwa, mdundo ukipanda daraja kwa daraja. Kwa nini alifanya hivyo? Jibu linapatikana kwa kuangalia alikopiga. Sherehe za Havana zilitengwa kwa rangi: Wazungu walikuwa na klabu zao, watu weusi na machotara walikuwa na vyama vyao vya burudani, na vyama hivyo vilikodi mahali kama bustani za kiwanda cha bia cha La Tropical kwa dansi zao. Watu wa Arsenio walikuwa wafanyakazi weusi, mabingwa wa kucheza taratibu huku wakikanyaga katikati ya mapigo, na son yake ilikuwa nzito na ya polepole ikilinganishwa na ile iliyopigwa kwenye kasino za watalii. Mwendo ule ulikuwa wao. Bendi za Wazungu zilipiga nyimbo zake, "Bruca maniguá" ikiwa mojawapo mwaka 1937, lakini kwa mwendo na uzito uliowafaa wateja wa kwao.

Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Orquesta América, anatupa mfano ulio wazi kupita yote, kwa kuwa yeye mwenyewe alieleza alichofanya. Aliwatazama watu wakicheza danzón za kisasa na akaona wengi wanapotezana na mdundo uliojaa mapigo ya kushtukiza. Akaandika nyimbo zenye sauti inayoangukia kwenye pigo lenyewe, akawataka wapigaji waimbe kwa pamoja, maneno yawe mepesi na ya kuchekesha. "La engañadora", iliyorekodiwa 1953, ndiyo iliyoutangaza mtindo huo. Jina lake likatoka sakafuni: wachezaji walipoongeza hatua za haraka mwishoni mwa zamu, viatu vyao vilisugua sakafu kwa mlio wa cha-cha-chá, na mtunzi akauchukua mlio huo. Mtu anaweza kusema Jorrín ndiye aliyerahisisha na wengine wakapokea tu. Sawa, kalamu ilikuwa yake. Lakini tatizo alilolitatua lilitoka kwa wachezaji, kipimo cha suluhisho kilikuwa wao, na hatua ambayo dunia nzima inaitambua kama cha-cha-chá waliiumba wao bila kufundishwa.

Kuna pingamizi lenye nguvu kuliko hilo. Wapo wanaosema kwamba midundo hii ni ya kale kuliko kumbi zote hizi. Ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya miwa, ikahifadhiwa katika ibada za Walukumi, katika vyama vya siri vya Abakuá na katika ngoma za Wakongo. Kwa maoni yao, aliyeitunga ni mababu, na wacheza dansi wa karne ya 20 waliirithi. Sina ugomvi na sehemu ya kwanza ya kauli hiyo. Kuitikiana kwa kiongozi na kundi, ngoma zinazosemezana, ufunguo wa mapigo unaoshikiliwa na vijiti viwili vya claves, vyote vina mizizi Afrika Magharibi na ya Kati. Hata hivyo ngoma ya ibada huwa na mpangilio wake: nani anapiga, kwa ajili ya nani, kwa saa gani, na wimbo upi unatangulia upi. Ili malighafi ile igeuke muziki wa harusi, wa sikukuu ya mtakatifu wa mtaa, wa dansi ya Jumamosi yenye kiingilio, ilibidi mtu aamue kipi kibaki, kipi kifupishwe, kipi kirudiwe. Uamuzi huo ulifanyika mbele ya watu walioweza kuondoka. Kiingilio kikipungua wiki hii, bendi haialikwi wiki ijayo.

Pingamizi la pili linahusu fedha. Je, si kampuni ya RCA Victor iliyompeleka Pérez Prado na mtindo wake wa mambo duniani kutoka Mexico kuanzia mwaka 1949? Je, si Fania, iliyoanzishwa New York mwaka 1964 na mwanamuziki Johnny Pacheco na mwanasheria Jerry Masucci, iliyolisambaza jina la salsa kupitia santuri, kupitia onyesho kubwa la Agosti 1971 katika ukumbi wa Cheetah na filamu iliyotokana nalo? Kampuni zilifanya hayo, na bila hayo watu wa Lima au Abidjan wasingepata nyimbo zile kwa wingi ule. Lakini kusambaza ni kazi tofauti na kutunga. Kabla ya Fania, jiji la New York lilikuwa na Palladium, ukumbi wa kona ya Broadway na barabara ya 53, ambako Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez walishindana mbele ya Wapuertoriko, Wayahudi, Wataliano na Wamarekani weusi, katika nchi ambayo kumbi nyingi bado zilitenganisha watu kwa rangi. Wachezaji hodari walikaa karibu na jukwaa, na mpiga timbales aliwafuata kwa macho ili kila mkato wa mguu aujibu kwa fimbo. Ukumbi huo ulifungwa mwaka 1966, na katika mwaka huohuo kundi la Joe Cuba lilipata mafanikio makubwa kwa "Bang Bang". Mwimbaji wake, Jimmy Sabater, alisimulia asili ya wimbo huo: walikuwa wanapigia hadhira ya Wamarekani weusi ambao hawakuwa wakiinuka kwa mdundo wa mambo, wakajaribu mdundo mwepesi wenye makofi, na ghafla sakafu ikajaa, watu wakaanza kuimba maneno yao wenyewe juu ya piano. Mtindo wa bugalú, uliochanganya Kihispania na Kiingereza, ukaenea kwa namna hiyo.

Bugalú ilizimika ndani ya miaka michache, na baadhi ya wapigaji wake walilalamika hadi uzeeni kwamba iliuawa na mawakala pamoja na viongozi wa bendi wakongwe waliowanyima kazi vijana. Malalamiko hayo yanapunguza kidogo hoja yangu, na ni haki yapewe uzito: mwenye ufunguo wa ukumbi anaweza kufunga mlango hata kama watu wako nje wanataka kuingia. Asichoweza ni kujua mapema kitakachowainua. Kwa hilo tuangalie miji miwili ambayo haikuwa makao ya kampuni hizo. Cali, kusini-magharibi mwa Kolombia, ilipata santuri za Kuba na New York kupitia mabaharia wa bandari ya Buenaventura. Kwa muda mrefu santuri ndizo zilizoendesha dansi, na vijana wa vitongoji waliziona pachanga na bugalú kuwa za polepole, wakawa wanazizungusha kwa kasi ya 45 badala ya 33. Miguu ikalazimika kukimbizana na sauti hiyo nyembamba iliyoharakishwa, na mpaka leo uchezaji wa salsa wa Cali unajulikana kwa hatua za mbio. Huko Monterrey, kaskazini mwa Mexico, wahamiaji waliopenda kumbia za Kolombia walifanya kinyume. Inasimuliwa kwamba kwenye sherehe moja mota ya mashine ya santuri ilipata joto, wimbo ukalegea, na wachezaji wakafurahia mwendo ule mzito kiasi cha kuuomba tena na tena. Kumbia rebajada, yaani iliyoshushwa kasi, ikawa alama ya mji huo. Hakuna kampuni iliyoagiza mwendo wowote kati ya hiyo miwili, na watunzi wa nyimbo zile hawakuulizwa.

Mtihani wa mwisho wa hoja hii uko Afrika, kwa sababu santuri zilipofika huku zilifika bila wachezaji wao. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri wenye alama ya GV, nyingi zikiwa za Kikuba, na zikapendwa sana Léopoldville na Brazzaville na kusikika mpaka miji ya pwani yetu. Wapigaji wa Kongo waliiga hata Kihispania wasichokielewa, na jina la cha-cha-chá likawa la kawaida kiasi cha kuingia kwenye wimbo wa uhuru wa mwaka 1960 wa Grand Kallé na African Jazz. Kama muziki huu ungekuwa kazi ya mtunzi na kampuni tu, waigaji wangeshika kile santuri ilichokiweka mbele, yaani mashairi na tarumbeta. Wao walikikuza kile santuri ilichokikata. Magitaa yakachukua nafasi ya piano na tarumbeta, na sehemu ya mwisho ya wimbo, sebene, ikarefuka mwaka hadi mwaka kwa sababu hapo ndipo watu walipoinuka. Tanganyika nako Salum Abdallah aliiita bendi yake ya Morogoro Cuban Marimba, na bendi za dansi za Dar es Salaam zilizokuja baadaye zikawa na mpangilio ambao kila mpenzi wa dansi anaujua: mwanzo wa taratibu wenye hadithi ya mapenzi au mafunzo ya maisha, halafu chemko. Bendi zikatambulishwa kwa mitindo yao ya kucheza, kiasi kwamba Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, wapenzi wake wengi waliiita Sikinde, na NUTA Jazz hadi leo, baada ya kubadili majina na wamiliki mara kadhaa, inajulikana kwa jina la mtindo wake, Msondo.