Jinamizi, Popobawa na bi harusi wa leo
Dada zetu, bibi zetu walimjua jinamizi: unazinduka usiku, macho yanaona, mwili hausogei. Ramadhani ya 1995, kule Pemba, anayekaba watu aliitwa Popobawa. Ilisemwa ukinyamaza atarudi, basi waliokabwa wakasimulia, hata wanaume, na hofu ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Mwaka 2007 ikarudi hapa Dar. Wataalamu wa usingizi wanasema akili imeamka, mwili bado uko ndotoni. Angalau enzi zile aliyekabwa alionewa huruma! Leo mchumba wa mtu huku Temeke akisimulia, ataambiwa ana jini mahaba, posa ianze kulegalega. Basi ananyamaza, analala taa ikiwaka.