Riziki ya Wapiga Gitaa Ufukoni mwa Mweru

Atakaye kuijua tarehe ya muziki na riziki katika nchi ya Kabuta, wilayani Nchelenge, Zambia, hana budi kuanzia barazani pa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kusini mwa Ziwa Mweru, ambako msafiri Livingstone alifika mwaka 1867. Kwani katika enzi ile ya Walunda, mpiga ngoma ya mondo na msifu wa mfalme hawakuunadi ufundi wao sokoni, bali waliishi chini ya kivuli cha baraza lenyewe, na hata leo wenzao huonekana kila mwaka Mwansabombe katika sherehe ya Mutomboko.

Mambo yalibadilika ilipoundwa kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1906, migodi ya Katanga, nchini Kongo, ikahitaji watu, na watu wakahitaji kitoweo. Samaki wa Mweru walipelekwa mjini Elisabethville, huko Katanga, kwa bei iliyopatanwa, na vijana wakawafuata kutafuta ijara. Huko magitaa yakaenea, na nyimbo zikavuka mto Luapula pasipo ushuru wala malipo. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Katanga, mwaka 1952, alipata sifa hata Nairobi, alikokuwa na kipindi redioni. Lakini fauka ya sifa hizo zote, hakuacha kutegemea kazi nyingine kwa chakula chake.

Ikiwa hali ya bingwa ni hiyo, ya kijana wa kijijini ni ipi? Huyu, asiyekuwa na fedha za kununua gitaa la dukani, aliunda banjo kwa debe na nyuzi za breki za baiskeli, akapiga kalindula, muziki uliokulia Luapula. Katika miaka ya 1970 Rais Kaunda aliamuru asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Zambia, na bendi kama Shalawambe ya Mansa zikaja kusikika mbali. Ila bei ya shaba, tegemeo la nchi, ilikuwa imekwisha kuanguka, fedha za kigeni zikaadimika, vyombo vikawa ghali, na baadaye kanda zikanakiliwa bila idhini ya wenyewe. Ufukoni nako, mteja wa mwanamuziki ni mvuvi na mchuuzi wa samaki, ambao mifuko yao hukauka uvuvi unapofungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari.

Basi asemaye kwamba vijana hawa ni wavivu amewadhulumu. Kipaji hakikuwalisha watu peke yake katika zama zozote. Kilisimama kwa mfalme, kwa mgodi au kwa redio, na kijana wa leo aghalabu hana hata kimoja katika vitatu hivyo. Aalikaye wapigaji harusini, na apatane nao ijara kabla ya ngoma, kama apatanavyo na muuza samaki, naye ailipe kwa ukamilifu.